Simu Iliyofungiwa Kabatini

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mvua ya Uluguru imelitia duka giza mchana kweupe, na Badrudin hakuwa mtu wa kukaa bure. Aliuvuta ukutani waya wa simu ya mezani, akauchuna kwa kisu ili awashie balbu ya tochi. Alijua umeme wa simu ni kidogo tu, hauumi.

Simu yenyewe aliifungia kabatini miaka mitatu iliyopita, siku Nisha, binti yake, alipoondoka kwa ugomvi. Laini hakuikata.

Aliposhika nyaya mbili zilizo wazi, shoti ikampiga hadi kiwikoni. Ikaacha. Ikarudi, ikaacha tena.

“Baba Nisha, achia,” mkewe alisema kutoka nyuma ya kaunta.

“Shoti ya kawaida haiji na kuondoka hivi. Hii ni kengele; simu ikiita, umeme wa waya hupanda. Kuna mtu anapiga.”

Namba ile, nje ya nyumba hii, aliijua mtu mmoja tu.

“Lete simu,” Badrudin alimwambia mkewe.

Funguo za kabati zilimponyoka mkewe sakafuni, akaziokota. Badrudin akazibana nyaya kwa nguvu zaidi, akisubiri kuumia tena.