Dubu Mwenye Sikio Jeupe

Kwenye gemu la kompyuta, Gunnvor aliweka pointi moja kwenye kucha za mganga wake, moja kwenye manyoya, ya mwisho kwenye radi. Papo hapo kijana mmoja wa kwenye gemu akamwandikia: "We nawe, unapaka siagi mkate mzima? Mganga wa kujigeuza huchagua mnyama mmoja, akamlisha huyo tu. Ukigawa hivyo utaliwa na vyura."

Angemwambia nini? Kwamba ni mama mtu mzima, yuko jikoni kwake mjini Hamar, na hata kipanya cha kompyuta amejifunza kukishika majira haya ya baridi?

Gemu lilikuwa la Eivind, mwanawe. Siku alipokataa kuja mezani, Gunnvor aling'oa waya ukutani, akaibeba kompyuta na kuitupa nje kwenye theluji. Mkono ulitangulia, akili ikafuata nyuma. Eivind akachukua begi, akafunga mlango taratibu, na tangu hapo simu hapokei. Kwenye skrini ile mama alikumbuka kitu kimoja tu: mnyama aliyechezwa na Eivind, dubu mwenye sikio jeupe.

Basi akanunua kompyuta nyingine. Akamjenga mganga wake, akamgeuza mbwa mwitu, akaingia msituni kumtafuta dubu huyo. Akampata mmoja, sikio jeupe vilevile.

Dubu hakuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza aliuliza tu:

"Mbwa mwitu umemchagua mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Nilijua."

Wakawa wanawinda pamoja. Hatari ikija, Dubu anasimama mbele, anapigwa yeye. Wakipumzika pangoni anaandika: "Umekula? Chakula cha moto, au mkate mkavu tena?" Mara nyingine: "Baridi imezidi. Vaa soksi za sufu."

Gunnvor akisoma, machozi yanamlengalenga. Maneno hayo ni yake, aliyomwimbia Eivind tangu chekechea, naye akizungusha macho. Kumbe yalimwingia.

Shabaha ya Dubu ilikuwa mbovu. Radi zake zilipiga miti, dawa alisahau kunywa. Yule kijana hakukoma kuwachokoza. "Nyie wawili mnacheza kama bibi zangu. Leteni na sindano za kufumia."

Gunnvor alicheka peke yake. Mwanawe anajifanya mzito ili mgeni asiachwe nyuma. Ndivyo alivyo, ana huruma.

Kujitaja hakuthubutu. Akijua ni mama, atakimbia tena, na safari hii atakimbilia wapi amfuate? Lakini Jumamosi asubuhi, kahawa ikimpoa mkononi, Dubu akaandika: "Nina jambo moyoni. Ukikasirika nitaelewa."

"Hata mimi ninalo," akajibu.

"Basi tuseme kwa pamoja, tusiogopane."

Mbwa mwitu akajigeuza mtu. Dubu naye akavua manyoya. Wakasimama wakitazamana kando ya mto.

Gunnvor aliandika polepole, kwa kidole kimoja, akisahihisha kila herufi: "Eivind, ni mama. Nisamehe. Njoo hata kama huna la kuniambia." Akafumba macho, akabonyeza.

Alipoyafumbua, maneno ya Dubu yalikuwa yameshafika, juu kidogo ya yake.

"Ylva, binti yangu mwenye jina la mbwa mwitu, ni mama yako. Chumba chako sijakigusa."