Ligi Aliyoikosa Digidigi

Bondeni kulikuwa na ligi ya mbio; aliyeshika mkia ndiye aliyetangulia kunywa maji, na kila mara alikuwa Digidigi. Aliona haya. Pofu na Swala walipohamia ligi ya Chui, alibaki akijuta.

“Lau tungehama nao, Ngiri, leo tungekuwa na jina.”

Siku moja Pofu alirudi peke yake. “Chui amenituma. Nafasi moja imepatikana.”

“Swala, bingwa wetu, yuko wapi?” Ngiri aliuliza.

“Alishika mkia.”

“Basi alitangulia kunywa,” Digidigi alisema kwa sauti ndogo.

“Hapana, mdogo wangu. Kule hakuna anayeshika mkia mara mbili.”

Mbio za siku ile zilipokwisha, Digidigi aliinama mtoni, akatangulia kunywa, wala hakuona haya.