Mkunga Aliyepanda Kinyumenyume

Mkunga aliingia mashuani kinyumenyume, amempa Hillary mgongo, leso imemfunika uso hadi puani. Mkoba wake hakumpa mkononi, aliutupa sakafuni.

Hillary naye akageuza shingo. Wawili hao, jamani! Wote watu wa Bungoma, wangependana huku Kitale, lakini hata salamu hawakupeana. Tena siku yenyewe haikuwa ya kununa. Mvua ilikuwa imekata barabara, na ng'ambo ya bwawa Lorna, mkewe Hillary, alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Mkunga huyu alikuwa amezalisha nusu ya mtaa wa Matisi, na Lorna alikataa katakata mkunga mwingine.

Tanga lilikuwa turubai la kuanikia mahindi, mlingoti ulikuwa mkaratusi mwembamba. Katikati ya bwawa upepo wa Mlima Elgon ukawashukia.

"Mtu akikaa upande ule tutapinduka," Hillary aliyaambia maji.

"Mtu angejua kuendesha, tusingepinduka," mkunga naye akayajibu maji. Akahama hata hivyo, bila kugeuka.

Kamba ya tanga ikakatika, pwa! Turubai likapigapiga ovyo, mlingoti ukavunjika, ukamgonga mkunga begani. Akatumbukia.

Hillary akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Ee Mungu wangu, aliurudisha! Akamsogezea kasia, likateleza. Mama akazama, akaibuka, akazama tena. Hillary akamwaza Lorna peke yake kitandani. Potelea mbali! Akamkamata mama kiganja, akamvuta ndani. Mama akauchomoa mkono upesi kama aliyeshika sufuria ya moto, akatazama kando.

Hillary alipiga kasia mpaka ukingoni, alikokuwa Kiptum, jirani yake, aliyeyaona yote.

"Nyinyi watu!" Kiptum akafoka. "Ati mtu anazama na bado mnanuniana? Hii chuki yenu itaua huyo mama mzazi, bana!"

Mkunga akakwapua mkoba, akakimbilia ndani kwa Lorna. Hillary akabaki mbali na mlango, akisali na Kiptum pembeni, mpaka mtoto akalia.

Mlango ukafunguka kidogo. Mkunga akatokeza mgongo tu.

"Kiptum, mwambie huyo nje wote ni wazima, na ni msichana," alisema. "Halafu mwambie alete mbuzi wa faini ya kuvunja mwiko. Tangu lini mtu akamshika mama mkwe wake mkono?"