Rekodi Haijapatikana

“Rekodi haijapatikana,” yalisema tena maandishi mekundu, na Sajenti Evarista akaipiga meza kofi hadi kikombe cha chai kikaruka.

Ilikuwa mara ya saba asubuhi ile. Mfumo mpya uliunganisha majalada ya polisi ya watu waliopotea na kumbukumbu za vitambulisho vya taifa. Unaandika namba ya jalada, unasubiri kidogo, na kama mtu huyo yu hai na ana kitambulisho popote nchini, sura yake inajitokeza. Wiki iliyopita ulimwibua mzee mmoja wa Kilolo aliyekuwa akilima mpunga wake Chimala bila wasiwasi, ilhali wanawe walishamkalia matanga. Majalada yote yalikubali. Moja tu ndilo lililogoma, na ndilo hasa alilolitaka.

Jalada la Mama Danieli.

Mama huyo alikuwa akifika kituoni Iringa kila Alhamisi kutoka Ilula, na sado yake ya nyanya za kuwagawia askari, akakaa kwenye benchi la mapokezi bila kumsumbua mtu. Mwanawe wa pekee, Danieli Kalinga, aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na minne, siku mbili baada ya matokeo ya darasa la saba. Mwaka wa kumi na sita huu, hajaleta hata salamu.

“Mwalimu mkuu alisema hakuna mvulana aliyepita,” alimsimulia Evarista siku moja. “Nikamwambia mwanangu si kitu, tutalima. Alikuwa anashika namba moja darasani, afande. Ile aibu ndiyo iliyomtoa.”

Evarista alikuwa na mtoto wa kiume wa darasa la saba, na siku ile alijikuta ametoa ahadi: mfumo ukianza kazi, wa kwanza kutafutwa ni Danieli. Sasa ahadi hiyo ilikuwa haijatimia.

“Injinia, hivi jalada hili lina nini?” alifoka.

Fundi wa mfumo, kijana mtanashati aliyetumwa na kampuni kutoka Dar es Salaam, hakuinua hata macho kutoka kwenye kompyuta yake pale kona ya ofisi.

“Data zake chafu, afande. Faili la zamani, liliandikwa vibaya. Nalishughulikia.”

“Wiki ya tatu unalishughulikia!”

Kadi ya kifuani mwake iliandikwa D. Kalinga, na siku ya kwanza Evarista alimtania kwamba labda ni ndugu wa huyo aliyepotea. Hakucheka. Alisema akina Kalinga hapa Iringa ni wengi kama viazi, jambo ambalo ni kweli, na yakaishia hapo. Vinginevyo alikuwa mcheshi, mwenye maringo kidogo. Wakati wa chai hakuchoka kusimulia jinsi alivyotoka mbali: mtoto wa kijijini, mvulana pekee wa shule nzima aliyechaguliwa kwenda sekondari mwaka wake.

“Kamwene,” salamu ya Kihehe ikasikika mapokezi.

Mama Danieli amefika.

Injinia akasimama. “Ngoja nikaangalie waya nje, mtandao unasumbua.”

Kila Alhamisi waya wa nje ulikuwa na matatizo yake. Leo alitoka mbio kiasi cha kuiacha kompyuta yake wazi.

Evarista akaitazama. Mambo ya ndani ya mitambo hakuyajua, lakini kwenda tena kwenye benchi lile na kumwambia yule mama “bado” kulikuwa kumemshinda. Akahamia kwenye kiti cha injinia, akaandika namba ya jalada.

Hazikupita sekunde tano.

Danieli Kalinga. Yu hai. Tarehe ya kuzaliwa ileile, kijiji kilekile, shule ya msingi ileile. Na sura iliyomtazama kutoka kwenye kioo ilikuwa ya injinia.

Damu ikamchemka. Kumbe ndiye aliyelizuia jalada hili kwenye kompyuta ya kituo! Wiki tatu anazungushwa kama mtoto mdogo, na mama mzazi amekaa hatua kumi tu kutoka hapa na nyanya zake mapajani! Mtoto wa namna gani anamkimbia mama yake kwa kisingizio cha waya? Alitamani kutoka nje akamkunje shati. Lakini akajizuia, furaha ya yule mama ilistahili kutangulia.

“Mama, njoo huku.” Akamshika mkono, akampitisha nyuma ya kaunta, akamketisha mbele ya kompyuta. “Tumempata. Yu hai, mama. Tena hayuko mbali.”

Mama Danieli alianza kulia kabla hajaona chochote. Akajifuta kwa ncha ya kitenge, akausogeza uso wake karibu na kioo, akaangalia kwa muda mrefu.

Mlango ukafunguka. Injinia akaganda pale kizingitini, mkono wake ungali kwenye kitasa.

Mama akamtazama yeye, akaitazama picha, kisha akamgeukia Evarista. Machozi yalikuwa yamekatika.

“Afande, mbona mmemwandika jina la mwanangu?” aliuliza. “Huyu ni Jofrey, mtoto wa mwalimu mkuu. Walifeli pamoja.”