Kabureta ya Maiti

"Hiyo ni maiti," baba alizoea kusema kuhusu pikipiki yake kuukuu. "Haijanguruma tangu mama yako afariki." Ndivyo alivyowaambia hata polisi, juma lililopita, jirani yetu alipogongwa na pikipiki na kuachwa afie barabarani.

Mimi nilitaka kumfurahisha tu kwa kuifufua. Nikaingia stoo, nikafungua kabureta, nikitegemea kukuta petroli iliyoganda kama gundi.

Kikombe chake kilijaa petroli safi, kana kwamba imetiwa jana. Ikanimwagikia vidoleni, baridi, harufu ikatanda stoo nzima.

Mwanga wa mlangoni ukazibika.

"Umekuta nini, mama?" baba aliniuliza kwa upole.

"Kutu tupu, baba."

Akavuta pumzi puani, akaitazama mikono yangu, kisha akaingia na kuufunga mlango.