Pindo la Sare

Siku hizi kila mtoto hupimwa damu akizaliwa, na chuo kikuu huwapa wazazi kadi yenye mwaka atakaokufa. Kadi haijawahi kukosea.

Tausi alimpeleka binti yake, Hidaya, kwa fundi Mbwilo kushonewa sare ya darasa la pili. Fundi alimpima, kisha akaomba kadi, kama mafundi wote wanavyofanya. Aliisoma, akairudisha.

"Niachie pindo refu, nilishushe mwakani," Tausi alisema. "Huyu anarefuka haraka."

"Kitambaa kitapotea bure, Mama Hidaya."

"Kipotee."

Jumatatu, sare ilipoletwa, Tausi aliigeuza sketi akatafuta pindo. Lilikuwa jembamba kama ukucha.

Hidaya aliivaa, akajizungusha mbele ya kioo.

"Mama, sare za kaka huwa zinampwaya," alisema kwa furaha. "Yangu imenikaa sawasawa."