Kipimo cha Punje ya Mpunga

Jitu lilizidi kwa punje moja ya mpunga. Edina akalilaza mezani, akalipunguza nyayo kwa kisu, kisha akalisimamisha tena kando ya mashujaa.

"Sasa limekaa."

Damiano, dereva aliyempelekea vinyago vyake na kumletea maagizo, akacheka. "Mama Tumpale, punje moja tu! Nani ataiona?"

"Wanaocheza wataiona."

Na kweli huwa wanaiona. Walimu wa kizungu wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, walikuwa na mchezo wao wa mezani: majeshi ya vinyago vidogo, mashujaa na mazimwi, wachawi na joka lenye mabawa. Wachongaji wa mwanzo waliwapelekea shujaa mrefu kuliko farasi wake, na zimwi linaloingia mfukoni mwa mchawi. Vyote vilirudishwa. Edina hakurudishiwa hata kimoja, kwa sababu alikuwa na sheria moja asiyoivunja: shubiri moja ya kweli ni punje moja ya mpunga kwenye mti. Mtu mzima ni punje nane. Kitu asichokijua alimwomba mwenye kuagiza amwonyeshe urefu wake kwa mkono, naye akaupima kwa shubiri kutoka sakafuni.

Siku moja mwalimu mmoja alivuka mpaka kuja kuagiza sanamu ya mwanawe. Akaonyesha urefu wa mtoto kwa kiganja kilicholala, kama anayeonyesha mbwa. Edina aliguna. Damiano ndiye aliyemshika yule mwalimu mkono, akaugeuza mpaka vidole vikatazama juu.

"Kiganja cha kulala ni cha mnyama, mwalimu. Mtoto wa mtu ukimkandamiza hivyo atakua lini?"

Walicheka wote watatu siku ile. Leo Edina hakuwa na kicheko. Chini ya meza kulikuwa na dumu la petroli, ambalo Damiano alilileta asubuhi ndani ya lori lake lenye bampa lililopinda, amelifunika kwa gunia.

"Lori la Bugalama liko mwisho wa maegesho, peke yake," Damiano alisema kwa sauti ya chini. "Mwenyewe kaenda msibani Mkwajuni, na utingo kalewa. Ni wewe tu na roho yako."

Bugalama. Siku hizi jina hilo lilikuwa chungu mdomoni mwa Edina kama shubiri ya dawa.

Msimu wa ukungu, mwaka juzi, Tumpale alitangulia mbele ya mama yake kwenye njia panda ya Hasamba. Edina hakuona kitu. Alisikia kishindo tu, kisha mngurumo wa lori lisilosimama. Shubiri tano. Edina mwenyewe ndiye aliyempima mwanawe kwa ajili ya jeneza.

Baada ya arobaini alihamia Tunduma, kwa kuwa malori yote hupita Tunduma. Kila alfajiri alipiga magoti, akaomba ombi lile lile: "Bwana, nionyeshe mkono uliokuwa kwenye usukani." Hakuomba nguvu ya kusamehe. Hata kwenye Baba Yetu alikuwa akifika mahali pale ananyamaza, anawasubiri wenzake wapite, ndipo anaungana nao mbele.

Juma lililopita Damiano, waliyesali naye jumuiya moja, alimvuta pembeni baada ya ibada. Alisema mkono ule ulikuwa wa Bugalama. Alikuwa amemsikia utingo wake akijisahau kwenye foleni ya mpakani.

"Mbona hukuniambia siku zote hizo, kaka?" Edina alimuuliza.

"Niliogopa, mama. Tunagombea mizigo ile ile mimi na yeye. Watu wangesema ni wivu."

Sasa Edina alilitazama dumu, kisha akakiokota kisu chake.

"Ngoja nimalize kazi ya walimu kwanza," alisema. "Nikishakamatwa hawatapata mwingine. Kimebaki nini?"

"Mbuzi. Wanataka mbuzi wa kitoweo cha hilo jitu lako."

"Mbuzi mkubwa?"

"Beberu hasa."

"Kama yule aliyekupinda bampa?"

Damiano alitabasamu. Utani huo aliuzoea. Jumuiya nzima ilikijua kisa cha mbuzi wa Mlowo aliyemtokea kwenye ukungu. "Enhe, kama yule yule. Fanya haraka basi, mama, maegesho yatajaa."

"Siwezi kukisia. Nionyeshe alivyokuwa."

Damiano alikuwa amesimama dirishani, amefunua pazia kidogo, macho yote yako kule mwisho wa maegesho. Hakugeuka. Alinyoosha tu mkono mmoja pembeni, akaushusha hadi usawa wa kiuno chake, akautuliza hapo.

Edina akapiga goti sakafuni. Akaanza kupima kwenda juu, taratibu, kidole gumba kikifuata pale kidole cha mwisho kilipoishia. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Akainua macho. Mkono wa Damiano ulikuwa umetulia juu yake, vidole vikitazama juu.

"Umeona?" Damiano aliuliza, bado amempa mgongo.

"Nimeonyeshwa," Edina alijibu. Akaingiza mkono chini ya meza, akalivuta dumu. "Kaka Damiano, na la kwako umeliegesha wapi?"